Mji wa Mawe na Shamba Lake

Mgeni wa siku mbili huuona mji wa Unguja kama duka: milango yenye misumari ya shaba, vikoi, karafuu kwenye vifuko, na jioni pweza wa Forodhani. Simlaumu, maana muda wake ni mfupi na nauli ni ghali. Lakini mji huu una tabia ya kuficha mambo yake, na hauanzi kusema mpaka ukuzoee. Mwaka 2019 nilikaa humo miezi saba, katika nyumba ya zamani mtaa wa Kiponda, na nilikuwa nimeingia mwezi wa tatu ndipo nilipoanza kujiuliza swali ambalo ningepaswa kuulizwa na kila ukuta: mawe haya aliyabeba nani?

Jina la Mji Mkongwe huwafanya watu wadhani kwamba mji wote ni wa tangu na tangu. La hasha. Ngome Kongwe ni ya Waomani waliowafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, na ilijengwa mahali palipokuwa na kanisa la Wareno hao. Lakini sehemu kubwa ya nyumba za mawe tunazozipigia picha ni za karne ya 19, baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake Unguja kutoka Muskat. Kabla ya hapo palikuwa na mji mdogo wa vibanda vya udongo na makuti, na nyumba chache za mawe. Katika muda usiozidi umri wa mtu mmoja mzee, rasi ile ikajaa majumba.

Chumba changu kilikuwa kirefu na chembamba, kama ushoroba. Nilidhani ni ubahili wa mjenzi, mpaka fundi mmoja aliyekuja kutazama dari akanifahamisha. Dari hubebwa na boriti za mikoko, zilizokuwa zikiletwa kwa majahazi kutoka Rufiji na Lamu, na boriti nzuri iliyonyooka haizidi sana mita tatu. Basi chumba nacho hakiwezi kuzidi hapo kwa upana, mwenye nyumba awe tajiri au maskini. Kasri na nyumba ya kupanga zina upana mmoja. Tofauti yake ni urefu, na mapambo ya mlango. Kuta ni vipande vya mawe ya matumbawe vilivyopangwa katika udongo mwekundu na chokaa. Chokaa chenyewe ni mawe hayohayo, yaliyorundikwa juu ya tanuu la magogo, yakachomwa, yakazimuliwa kwa maji, kisha yakaachwa shimoni yalale muda mrefu. Ukitia hesabu ya kuni, ya mawe, ya maji na ya migongo, utaona kwamba kila nyumba ya Kiponda ni shamba zima lililohamishiwa mjini.

Na migongo hiyo ilikuwa ya nani? Hapa ndipo mimi, mtu wa Kusini, mzaliwa wa upande wa Tunduru, ninapoingia katika habari hii hata kama sikualikwa. Watumwa wengi wa Unguja walitoka nchi za Wayao na Wanyasa, wakashuka mpaka Kilwa, wakapakiwa majahazini. Katika miaka ya 1860 hukadiriwa kwamba watu wapatao 20,000 walipitishwa Unguja kwa mwaka. Wengine walipelekwa ng'ambo ya bahari. Wengi wakabaki hapahapa, katika mikarafuu. Soko lilifungwa na Sultani Barghash mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza, na pahala pake likajengwa kanisa la Askofu Steere. Ila kufunga soko si kumwacha huru mtumwa. Hali ya utumwa kisheria haikuondolewa Unguja mpaka 1897, na masuria wakaachwa nje ya sheria ile hadi 1909.

Mwenyeji wangu, bibi wa makamo ya miaka sabini, hakupenda mazungumzo haya. Nilipomwamkia asubuhi na kumwuliza habari za watu wa kale, alinijibu kwa upole: “Mwanangu, hayo yameshapita. Kunywa chai.” Kwa hakika alikuwa na haki ya kunyamaza. Katika kisiwa ambacho damu ilimwagika Januari 1964, na ambacho asili ya mtu iligeuzwa silaha ya siasa kabla na baada ya siku ile, kuuliza “bibi yako alitoka wapi” si udadisi mtupu.

Siku moja ya Jumamosi nikapanda gari la shamba pale Darajani, niende Dunga na Chwaka, nirudi jioni. Jina la Darajani lenyewe ni historia. Hapo palikuwa na mkono wa bahari uliotenga mji wa mawe na Ng'ambo, na daraja likiunganisha. Mkono ule ukafukiwa, jina likabaki. Ng'ambo ndiko walikokaa watumishi, vibarua na watu waliopata uhuru. Mpaka leo mtu wa Kiponda akisema “Ng'ambo” anasema zaidi ya barabara.

Njia ya kwenda Dunga hupita katika ardhi nzuri: minazi, miembe, migomba, na mikarafuu michache. Michache, kwa sababu kimbunga cha Aprili 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja karibu yote, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa mama wa karafuu. Mimea hii ilikuwa imeletwa kutoka visiwa vya Wafaransa mwanzoni mwa karne ile, na Seyyid Said akawahimiza matajiri waipande kwa wingi. Ardhi waliyoitaka ilikuwa hii ya magharibi, yenye udongo. Nayo haikuwa tupu.

Dunga kuna magofu ya jumba la Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji wa kisiwa, Wahadimu. Jumba lilijengwa katikati ya karne ya 19, wakati ambao mwenyewe alikuwa amebakiwa na heshima na kazi ya kukusanya kodi, huku sehemu ya kodi hiyo ikienda kwa Sultani. Alikufa 1865, mwanawe alimfuata 1873, na enzi ikaisha. Siwa na ngoma zake zikawa vitu vya makumbusho. Leo pamebaki kuta, kisima na ukimya. Kuna masimulizi kwamba watumwa walichinjwa wakati wa ujenzi ili damu yao iimarishe chokaa. Sina sababu ya kuyachukua kama yalivyo, lakini nayaona ya maana: watu hawatungi hadithi ya damu katika chokaa juu ya nyumba iliyojengwa kwa ujira mwema.

Mzee mmoja niliyemkuta amekaa kivulini, nikampa shikamoo, akanialika kukaa. Nilipomweleza ninakotoka alicheka, akasema, “Basi wewe na sisi ni jirani wa msiba. Nyinyi mliletwa huku, sisi tulisukumwa kule,” akaonyesha mashariki kwa kidole cha gumba. Sikumwelewa mpaka gari liliponifikisha Chwaka. Ukiiacha Dunga udongo unakwisha kama uliofagiliwa, na mwamba wa matumbawe unatokeza. Mtu hulima kwenye vishimo baina ya mawe, mahali pa kutosha shina moja la muhogo. Wahadimu walibaki na upande huu kadiri mikarafuu ilivyoutwaa ule mwingine, na bado wakatakiwa kufanya kazi za wakubwa, pamoja na kuchuma karafuu na kubeba boriti. Katika vitabu vingi mambo haya hupewa aya moja, kisha mwandishi hukimbilia kasri za masultani. Sioni kwa nini. Mapinduzi yalipogawa ardhi kwa eka tatu tatu, watu hawakuwa wanazua jambo jipya.

Chwaka nilikaa saa mbili tu. Maji yalikuwa yamekupwa, wanawake wako mbali kwenye vigingi vya mwani, kazi iliyoanza visiwani humu mwishoni mwa miaka ya 1980. Nilikula samaki kwa wali, nikarejea na gari la saa kumi.

Jioni ile nilimwambia bibi maneno ya yule mzee, “jirani wa msiba”. Alinyamaza kwa muda, akazungusha kikombe chake. Kisha akasema kwamba bibi yake mzaa mama alikuwa akiwabembeleza kwa nyimbo za lugha wasiyoijua, na walipokuwa wakubwa waliona haya kumwuliza ni lugha gani. Nilimwuliza kama anakumbuka hata neno moja. Akatikisa kichwa.

Mwezi uliofuata ukuta wa ngazi ulianza kutoa unyevu. Jamaa zake walitaka upigwe saruji, maana ni rahisi na hukauka upesi. Fundi alikataa: saruji huyafungia maji ndani ya ukuta wa matumbawe, nao huoza bila mtu kuona. Nyumba hizi zinaanguka kweli. Beit al-Ajaib, jumba la Barghash la 1883, lilikuwa limeanza kumomonyoka tangu 2012, na tarehe 25 Desemba 2020, mimi nikiwa nimesharudi bara, sehemu yake kubwa ikaporomoka na kuua watu wawili. Bibi alimsikiliza fundi. Chokaa kililetwa kwa magunia, na mashine za saruji hazikuhitajika. Vijana wawili walikipandisha ghorofani mabegani, na yeye alisimama mlangoni akawahesabia magunia, akawalipa kila mmoja mkononi mwake kabla hawajashuka mara ya mwisho.