Ryzen 7 5800X3D

Ryzen 7 5800X3D ni prosesa ya kompyuta ya mezani iliyobuniwa na kampuni ya AMD ya Marekani na kutengenezwa na kampuni ya TSMC ya Taiwan. Ilianza kuuzwa tarehe 20 Aprili 2022 kwa bei ya dola 449 za Marekani. Ilikuwa prosesa ya kwanza ya kompyuta za mezani kuwa na kumbukumbu ya kashe iliyopangwa kwa ghorofa, yaani kipande kimoja cha silikoni juu ya kingine. AMD huiita teknolojia hiyo 3D V-Cache.

Prosesa hii inajulikana hasa kwa kuonyesha kwamba, katika michezo ya kompyuta, wingi wa kashe unaweza kuwa na faida kuliko kasi kubwa ya saa au viini vingi.

## Kazi ya kashe

Prosesa hufanya hesabu kwa haraka zaidi kuliko RAM inavyoweza kuiletea data. Ili isikae bure ikisubiri, ndani yake huwekwa kumbukumbu ndogo yenye kasi, iitwayo kashe, ambayo hutunza data iliyotumika karibuni. Kashe ina ngazi tatu: L1 ni ndogo na ya haraka kuliko zote, L2 huifuata, na L3 ni kubwa zaidi na hutumiwa na viini kadhaa kwa pamoja.

Kusoma data kutoka L3 huchukua takriban nanosekunde 10, lakini kuifuata kwenye RAM mara nyingi huchukua nanosekunde 60 au zaidi. Ni kama mpishi aliyeweka vitunguu na chumvi karibu na jiko, akilinganishwa na yule anayelazimika kwenda dukani kila anapohitaji kitu.

Michezo ya kompyuta huathiriwa sana na kusubiri huko. Mchezo unaoonyesha fremu 100 kwa sekunde una milisekunde 10 tu za kuandaa kila fremu. Katika muda huo prosesa hukokotoa mahali pa wahusika, magari na vitu vingine, ambavyo data zake zimetawanyika katika kumbukumbu.

## Muundo

5800X3D ina viini 8 vya muundo wa Zen 3 na inaweza kuendesha nyuzi 16 kwa wakati mmoja. Chipu yake ya viini ina megabaiti 32 za kashe ya L3, sawa na ile ya Ryzen 7 5800X iliyotoka Novemba 2020. Juu yake imeongezwa chipu nyembamba yenye megabaiti 64, hivyo jumla ni megabaiti 96.

Chipu hiyo ya nyongeza iko juu ya sehemu ya kashe, si juu ya viini. Juu ya viini kuna vipande vya silikoni tupu vinavyosawazisha kimo na kupitisha joto kuelekea kipoza joto.

Muundo huo una gharama yake. Joto hutoka kwa shida zaidi, na volteji inapaswa kuwa ndogo. Kwa sababu hiyo kasi ya juu ni gigaherzi 4.5, wakati 5800X hufikia 4.7. AMD pia ilizuia watumiaji kupandisha kasi ya viini kupita kiwango cha kiwandani, jambo ambalo wapenzi wengi wa kuunda kompyuta walikuwa wamelizoea.

## Ulinganisho na prosesa nyingine

Mshindani wake mkuu wakati wa kutoka alikuwa Core i9-12900K ya kampuni ya Intel, iliyoanza kuuzwa Novemba 2021.

| | Ryzen 7 5800X | Ryzen 7 5800X3D | Core i9-12900K |
|---|---|---|---|
| Viini | 8 | 8 | 16 (8 vikubwa, 8 vidogo) |
| Nyuzi | 16 | 16 | 24 |
| Kasi ya juu (gigaherzi) | 4.7 | 4.5 | 5.2 |
| Kashe ya L3 (megabaiti) | 32 | 96 | 30 |
| Soketi | AM4 | AM4 | LGA 1700 |
| Bei ya kuanzia (dola) | 449 | 449 | 589 |

Kwa jedwali hili pekee, mtu angedhani Core i9 ingeshinda kila mahali. Katika kazi zinazotumia viini vingi, kama kuchakata video au kuunda picha za 3D, ilishinda kweli. Katika michezo, prosesa hizo mbili zilikaribiana, na kila moja iliongoza katika baadhi ya michezo.

Faida ya kashe hailingani kila mahali. Michezo ya kuiga hali halisi, kama Microsoft Flight Simulator na Factorio, hunufaika sana. Counter-Strike: Global Offensive ilinufaika kidogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya data inayohitaji mara kwa mara hutosha katika kashe ya kawaida.

Majaribio ya kulinganisha prosesa kwa kawaida hutumia kadi ya grafiki yenye nguvu na picha ya pikseli 1920 kwa 1080, ili kadi isiwe ndiyo inayochelewesha mchezo. Kwa picha ya 4K, kadi ya grafiki hulemewa kwanza, na tofauti kati ya prosesa hupungua au kutoweka. Kwa hiyo mtu mwenye kadi ya kawaida anaweza kupata faida kubwa zaidi kwa kubadilisha kadi kuliko kubadilisha prosesa.

## Soketi ya AM4

5800X3D hutumia soketi ya AM4 na RAM ya aina ya DDR4. Prosesa za kwanza za Ryzen, zilizotoka mwaka 2017, zilitumia soketi hiyohiyo. Mwaka 2022 AMD iliruhusu prosesa za mfululizo wa 5000 zitumike hata katika baadhi ya ubao mama wa miaka hiyo ya mwanzo, ikiwa mtengenezaji wa ubao ametoa toleo jipya la BIOS. Wamiliki wengi waliweza kuboresha kompyuta zao bila kununua ubao mama wala RAM mpya.

Kabla ya kuinunua ni lazima kuhakiki orodha ya prosesa zinazokubaliwa na ubao husika, na kusasisha BIOS kabla ya kuondoa prosesa ya zamani. Prosesa hii haina grafiki za ndani, hivyo huhitaji kadi ya grafiki. Pia huuzwa bila feni.

## Prosesa zilizofuata

Ryzen 7 7800X3D ilitoka Aprili 2023 kwa soketi mpya ya AM5 na RAM ya DDR5. Januari 2024 ilitoka Ryzen 7 5700X3D, yenye kashe ileile ya megabaiti 96 na kasi ndogo zaidi, kwa watumiaji wa AM4. Katika Ryzen 7 9800X3D ya Novemba 2024, chipu ya kashe iliwekwa chini ya chipu ya viini. Kwa kuwa viini sasa viko karibu na kipoza joto, kasi ilipanda hadi gigaherzi 5.2, na watumiaji wakaruhusiwa tena kuiongeza wenyewe.