Gari la mbao lililovuka Sahara

Mwaka 1984 magari matatu yaliondoka eneo la Aktiki, kaskazini kabisa mwa Ulaya, kuelekea ikweta. Moja lilikuwa la abiria, la pili pikapu, la tatu lilikuwa na magurudumu sita. Ukiyagonga kwa kidole yalitoa mlio wa mlango wa chumbani, si wa debe. Bodi zake zilikuwa za plaiwudi.

Sasa ni zaidi ya miaka 40, na sijaona mtu akiikumbuka safari ile. Inaniuma, kwa sababu magari yale yalitengenezwa kwa ajili yetu. Yaliitwa Africar.

Mwenye wazo hilo alikuwa Tony Howarth, mwandishi wa habari na mpiga picha Mwingereza. Simulizi yake, iliyotoka 1987 kwa kitabu na kwa filamu za televisheni ya Channel 4, ndiyo ninayoiegemea hapa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuelewa: magari yanayoletwa Afrika yamebuniwa kwa lami ya Ulaya, na kiwanda cha kukandamiza mabati kinadai mtaji ambao nchi zetu hazina. Lakini seremala yuko kila mji, na viwanda vidogo vya mbao vingeweza kuunda magari hapa hapa.

Plaiwudi kubeba mzigo halikuwa jambo jipya. Ndege ya kivita ya Mosquito iliruka mara ya kwanza mwaka 1940 ikiwa ya mbao. Mwaka 1959 Jem Marsh na Frank Costin walianzisha magari ya Marcos, yenye chesisi ya plaiwudi, na yakashinda mashindano.

Tazama ukingo wa kipande cha plaiwudi kilichokatwa kwa msumeno mkali. Utaona mistari: tabaka moja nyuzi zake zinakwenda kwa urefu, linalofuata zinakwenda kwa upana, na gundi katikati. Mbao ya kawaida hupasuka kufuata nyuzi zake. Hapa ufa hauna njia. Howarth aliinywesha mbao gundi ya epoksi ili maji yasiingie, akaunganisha vipande vyake kuwa ganda moja. Ganda lenyewe ndilo lililobeba abiria, mizigo na mtikisiko, kama mwili wa ngalawa unavyobeba mzigo wake. Mafundi wa vyombo vya baharini wa Lamu na Zanzibar wasingehitaji kuelezwa mara mbili.

Injini na mitambo ya chini vilitoka kwa Citroën 2CV, gari la Kifaransa lililozinduliwa 1948. Wabunifu wake walitakiwa kuunda gari linaloweza kupita shamba lililolimwa likiwa na kikapu cha mayai bila hata moja kuvunjika. Injini yake ndogo hupozwa kwa hewa, haina rejeta ya kuvuja jangwani, na springi zake ni laini na ndefu. Kwa barabara ya makorongo, ni vigumu kumlaumu Howarth kwa chaguo hilo.

Magari yakavuka Sahara, yakafika ikweta. Watazamaji wa Uingereza waliona mbao ikipita palipo na mchanga na mawe, na watu wakaanza kuweka oda.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kampuni ilijipanga mjini Lancaster, ikapokea fedha za wateja, kisha badala ya kuunda magari na kuyauza, ikajitwika kazi ya kubuni injini yake yenyewe. Injini ni shimo lisilojaa hata kwa makampuni makubwa. Fedha zikaisha, na mwaka 1988 kampuni ikafilisika. Waliolipa wakabaki na risiti. Howarth akaondoka nchini, na mgogoro ukaishia mahakamani. Walioumia walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini kashfa ile ilizika kitu ambacho hakikuwa na kosa: plaiwudi ilikuwa imefanya kazi yake. Viwanda vidogo vilivyoahidiwa Afrika havikujengwa.

Kenya nayo ilijaribu njia yake: Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kuunda gari mwaka 1986, na Nyayo Pioneer likazinduliwa 1990. Halikufika sokoni. Baadaye ikaja kampuni ya magari ya Mobius, ambayo ilitangaza 2024 kwamba inafungwa. Mbao nayo haikusahauliwa kabisa: mwaka 2013 Gordon Murray, mbunifu wa magari ya Formula 1, alionyesha lori dogo la OX lenye paneli za mbao, linalofungashwa vipandevipande ndani ya kontena. Kampuni iliyotokana nalo ilianza kusafirisha mizigo ya wakulima nchini Rwanda.

Nilimwonyesha picha ya Africar fundi mmoja anayeunda mabodi ya malori kwa mbao. Hakuuliza habari za kampuni. Aliikaribia picha, akaweka kidole kwenye pembe ya mlango, mahali ubao mmoja unapokutana na mwingine, akauliza gundi hiyo inachukua saa ngapi kukauka.