Ramani za Kuuzia Viwanja: Melbourne na London

Ramani ya kuuzia viwanja ina mdomo wa dalali: hukitaja kwa sauti kinachovutia, kingine ikakiruka. Tukizilinganisha ramani za minada ya Melbourne za miaka ya 1880 na vijitabu vya Metro-land vya London, tunaona namna mbili za kuuza pembezoni mwa mji.

Melbourne iliuza vipimo. Mashamba yalipokatwakatwa kando ya reli mpya, mabango ya rangi yaliorodhesha viwanja kwa namba, upana kwa futi, majina ya mitaa, saa ya mnada na masharti ya kulipa kwa awamu. Wateja walipelekwa kwa treni maalumu, wakaandaliwa chakula na shampeni mahemani kabla ya bei kutajwa. Biashara ilienda kasi pia kwa sababu ya usajili wa hati ulioasisiwa na Robert Torrens huko South Australia mwaka 1858, ambao ulirahisisha ardhi kupita mkono hadi mkono.

London iliuza maisha. Kampuni ya Metropolitan Railway, tofauti na reli nyingi za Uingereza, iliruhusiwa kubaki na ardhi ya ziada kandokando ya njia yake. Kuanzia 1915 hadi 1932 ilitoa kila mwaka kijitabu cha Metro-land, chenye picha za vijiji, bustani na vilima vya Chiltern. Kampuni ilinufaika mara mbili: nyumba ikinunuliwa, na mwenye nyumba akilipa nauli ya kwenda kazini.

Ni rahisi kuziamini zaidi ramani za Melbourne kwa kuwa zina futi na namba. Lakini hata kama vipimo vilikuwa sahihi, bei zilipaa bila msingi. Mwaka 1893 benki nyingi zikafunga milango, na wengi wakabaki na viwanja visivyo na mnunuzi. Metro-land, pamoja na maneno yake matamu, ilikuwa na reli inayofanya kazi, ila ilinadi utulivu wa mashamba ambao kila nyumba mpya iliupunguza. Tena mabango ya Melbourne yalionyesha ardhi tupu katika nchi ya Wawurundjeri, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Hilo naliona kosa zito kuliko bei, kwa sababu bei hushuka ikarekebishwa, lakini aliyefutwa kwenye ramani hukosa hata pa kuanzia madai yake.

Mfumo huo wa Torrens wa kusajili hati uliletwa pia Kenya na Uganda enzi za ukoloni. Kwa hiyo anayeonyeshwa leo mchoro wa viwanja Kitengela, nchini Kenya, asiridhike na namba na bikoni pekee. Aulize kama barabara iliyochorwa ipo, kisha awaulize majirani ni nani aliyekuwa akilima pale kabla ya mpimaji kufika. Jibu la swali hilo halimo kwenye mchoro wa muuzaji, na ndilo litakaloamua kama atajenga kwa amani.