Redio ya upepo kwenye gari lako: mambo ya kujua kabla ya kununua

Gari limekwama kwenye korongo saa mbili usiku. Ndani yuko mgonjwa anayepelekwa hospitali ya wilaya. Simu ya dereva haisomi mtandao, na za abiria nazo hazisomi. Mtu wa karibu anayeweza kuleta trekta yuko kilomita nane nyuma, na njia pekee ya kumfikia ni kutembea kwa miguu gizani.

Ni kwa sababu ya usiku kama huo wenye magari katika maeneo ya mbali huanza kufikiria kufunga redio ya upepo, ambayo wengi huiita redio koli. Wazo hilo ni zuri. Lakini watu wengi hununua kabla ya kujiuliza, na mwishowe hujikuta na kifaa cha gharama kisichowasaidia siku ya shida. Katika makala haya tunaeleza namna ya kuchagua.

Tofauti na redio unayotusikilizia

Redio iliyo kwenye dashibodi ya gari lako hupokea tu. Sisi tunatangaza, wewe unasikiliza, na huwezi kutujibu kwa kifaa hicho. Redio ya upepo hupokea na pia hurusha. Unabonyeza kitufe kilicho kwenye kipaza sauti, unasema, kisha unaachia ili umsikie mwenzako. Haihitaji laini ya simu wala mnara wa kampuni ya simu. Sauti hutoka kwenye antena yako na kwenda moja kwa moja kwenye antena ya mwenzako.

Kabla ya simu za mkononi kuenea, hospitali nyingi za misheni, mbuga za wanyama na vituo vya polisi vya mbali Afrika Mashariki vilitegemea redio hizi. Shirika la Madaktari Wanaoruka, lililoanzishwa mwaka 1957 na makao yake Nairobi, lilipata habari za wagonjwa wa vijijini kwa njia hiyo. Hadi leo askari wa wanyamapori na magari ya watalii bado wanazitumia, kwa sababu porini hakuna mnara.

Swali la kwanza: nani atakusikia?

Redio moja peke yake haizungumzi. Kabla ya kuuliza bei au wati, andika kwenye karatasi majina ya watu unaotaka wakusikie siku ya shida, na mahali walipo. Je, ni nyumbani kwako? Zahanati? Madereva wenzako watano wa njia hiyohiyo? Kambi ya hifadhi iliyo jirani?

Kisha uliza: je, wana redio? Ni ya aina gani? Huwa imewashwa saa ngapi, na nani anakaa karibu nayo usiku? Kama hakuna mwenye redio kwenye orodha yako, kununua yako peke yako hakutakusaidia. Hapo ni bora mkae kikundi, muwe na redio mbili au tatu za kuanzia, moja ikiwa imefungwa mahali penye mtu saa zote.

Na kama mtandao wa simu unapatikana kwenye sehemu kubwa ya njia yako isipokuwa bonde moja au mawili, huenda usihitaji redio kabisa. Kumwambia mtu saa uliyoondoka na saa unayotarajia kufika, ili akiona kimya aanze kukutafuta, hakugharimu chochote.

VHF, UHF au HF?

Redio za magari zimegawanyika kwa mawimbi yanayotumika, na redio ya kundi moja haiwezi kuzungumza na ya kundi jingine.

VHF ya kazi za barabarani kwa kawaida huwa kati ya megahezi 136 na 174. Mawimbi haya yana tabia inayofanana na ya matangazo yetu ya FM, ambayo pia ni VHF. Unajua mwenyewe kwamba ukiwa juu ya kilima unatusikia vizuri, na ukishuka upande wa pili sauti inaanza kukwaruza. Redio ya upepo ya VHF nayo iko hivyo: husafiri karibu kama mwanga, ikizuiwa na vilima na mviringo wa dunia. Ndiyo inayofaa zaidi maeneo ya wazi, mashambani na porini.

UHF ya magari mara nyingi huwa kati ya megahezi 400 na 470. Hupenya vizuri kidogo katikati ya majengo, hivyo hupendwa mijini, viwandani na hotelini. Kwenye miti na vichaka hufifia haraka kuliko VHF.

HF, yaani masafa mafupi, ni kati ya megahezi 3 na 30. Wazee waliokuwa wakisikiliza idhaa za ng'ambo kwa SW wanaifahamu tabia yake: mawimbi hupanda angani, hurudishwa na tabaka la juu la anga, na kushuka mamia ya kilomita mbali, hata nyuma ya milima. Mchana hutumia masafa ya juu zaidi na usiku ya chini zaidi, kwa hiyo mtumiaji lazima ajifunze kubadilisha chaneli. Redio za HF za magari na antena zake ni ghali mara nyingi zaidi ya VHF, na sauti huwa na kelele. Hununuliwa na mashirika yanayosafiri mbali sana, si na mtu anayetaka kumwita jirani wa kilomita 15.

Kwa wasomaji wetu wengi, jibu ni VHF, isipokuwa kama kundi unalotaka kujiunga nalo tayari linatumia kitu kingine.

Umbali: usidanganywe na boksi

Kwenye boksi huandikwa kilomita 30, 50 au zaidi. Namba hizo hupatikana mtu akiwa juu ya mlima na mwenzake akiwa juu ya mlima mwingine. Hali halisi ya VHF huamuliwa kwanza na urefu wa antena kutoka ardhini. Kwenye tambarare isiyo na kizuizi, tegemea kiwango cha juu kama hiki:

Gari kwa gari, antena zote zikiwa mita 2 kutoka ardhini: karibu kilomita 12.
Gari na kituo chenye mlingoti wa mita 10: karibu kilomita 19.
Gari na kituo cha kurushia upya kilicho kwenye kilima chenye mita 300 juu ya tambarare: zaidi ya kilomita 70.

Penye msitu, mabonde na vilima, punguza namba hizo, wakati mwingine kwa nusu au zaidi. Kituo cha kurushia upya, ambacho mafundi hukiita ripita, hupokea sauti ya gari moja na kuirusha tena kutoka juu ili magari yaliyo mbali yasikie. Kama kundi lenu lina ripita, hakikisha redio unayonunua inaweza kupangiwa masafa mawili, moja la kurushia na jingine la kupokelea.

Ona jambo moja: hatujataja wati hapo. Redio ya mkononi hutoa karibu wati 5, na ya gari wati 25 hadi 50. Kutoka 5 kwenda 25 utaona faida, hasa vichakani. Kutoka 25 kwenda 50 tofauti ni ndogo sana sikioni, na umbali hauongezeki mara mbili. Ukiwa na pesa ya ziada, itumie kwenye antena na mlingoti wa kituo cha nyumbani.

Antena ndiyo nusu ya redio

Redio ya mkononi ikitumika ndani ya gari hupoteza nguvu nyingi kwa sababu bodi ya chuma inazuia mawimbi. Antena lazima iwe nje. Mahali pazuri kuliko pote ni katikati ya paa la chuma, kwa kuwa paa lenyewe huisaidia antena kufanya kazi. Kwenye bampa au pembeni mwa boneti inawezekana, lakini upande mmoja utasikika vizuri kuliko mwingine.

Antena ya kawaida ya VHF ina urefu wa karibu sentimita 50, na ya UHF karibu sentimita 17. Kila moja hukatwa kulingana na masafa yake, kwa hiyo usichukue yoyote iliyopo dukani. Mwambie fundi aipime kwa mita maalumu baada ya kuifunga. Na usibonyeze kamwe kitufe cha kusemea bila antena kuunganishwa, kwani unaweza kuunguza redio.

Jihadhari na redio ya laini

Siku hizi madukani kuna redio zinazofanana kabisa na redio koli, zikiuzwa kwa maneno kwamba zinafika nchi nzima. Nyingi kati ya hizo hutumia laini ya simu ndani yake. Zinafaa mjini na kwenye barabara kuu zenye mtandao. Lakini pale simu yako inaponyamaza, na redio hiyo nayo itanyamaza. Muulize muuzaji swali moja tu: je, inawekwa laini? Kama jibu ni ndiyo, haitakuokoa kwenye korongo lisilo na mtandao.

Umeme wa gari

Redio nyingi za magari hutumia volti 12. Malori na baadhi ya mabasi yana volti 24, na hapo lazima uweke kifaa cha kupunguza umeme. Usiunganishe kwenye betri moja kati ya mbili, kwa sababu hiyo moja itakufa mapema.

Unapozungumza, redio ya wati 50 huvuta ampea 10 au zaidi, na ya wati 25 huvuta karibu nusu yake. Tundu la kuwashia sigara halikuundwa kubeba mzigo huo. Vuta nyaya nene moja kwa moja kutoka kwenye betri, na uweke fyuzi karibu kabisa na betri, ili waya ukichubuka usiwashe moto.

Redio ya VHF ikiwa inasikiliza tu hula chini ya ampea moja, hivyo betri nzima ya gari inaweza kuihimili usiku kucha hata injini ikiwa imezimwa. Kinachomaliza betri ni kuongea. Ukikwama, sema kwa kifupi, kisha nyamaza usikilize.

Analogi au dijitali?

Redio ya dijitali hutoa sauti safi mpaka mwisho wa eneo lake, kisha hukatika ghafla. Ya analogi huanza kukwaruza mapema, lakini sikio lililozoea linaweza kuokota maneno mawili matatu ndani ya kelele. Analogi ni rahisi na hutengenezwa kwa urahisi. La kuzingatia zaidi ni lilelile: nunua inayoelewana na wenzako. Redio nyingi za dijitali zinaweza pia kuwekwa kwenye analogi, ila ya analogi haiwezi kusoma dijitali.

Leseni kabla ya redio

Masafa ni mali ya umma na hugawiwa kwa leseni. Tanzania, kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano, CA, na Uganda ni Tume ya Mawasiliano, UCC. Kifaa chenyewe pia lazima kiwe cha aina iliyoidhinishwa nchini.

Si urasimu mtupu. Redio nyingi za bei nafuu zinaweza kurusha popote kati ya megahezi 136 na 174, na huanzia kwenye masafa ambayo ndege hutumia, yaani 118 hadi 137. Ukijichagulia chaneli mwenyewe, unaweza kuingilia rubani, polisi au gari la wagonjwa. Kikundi cha madereva, chama cha ushirika au zahanati kinaweza kuomba leseni kwa pamoja na kugawana gharama. Omba masafa kwanza, ndipo fundi aiprogramu redio kulingana na cheti chako.

Ukinunua iliyotumika

Soma kibandiko cha nyuma: kinaonesha kama ni VHF au UHF na ni ya volti ngapi. Dai risiti na jina la aliyeimiliki, maana redio za taasisi huibwa. Ijaribu ukiwa na redio nyingine, mmoja wenu akiwa mbali, si kuiwasha tu na kusikia inavuma. Hakikisha haijafungwa kwa neno la siri ambalo muuzaji halijui, na fundi afute masafa yote ya mwenye nayo wa zamani.

Kwa kifupi

Jua nani atakusikia. Nunua ya kundi lenu, na mara nyingi itakuwa VHF ya analogi ya wati 25. Weka antena juu ya paa na fyuzi kwenye betri. Pata leseni. Ukiwa unaendesha, abiria ndiye azungumze, au simama kwanza.

Kisha ifanyie majaribio mchana. Pita njia yako yote, ukiita nyumbani kila baada ya kilomita mbili, na uandike wapi unasikika na wapi husikiki. Siku gari litakapokwama, utajua kama unapaswa kupanda kilima kilicho mbele au kurudi kwenye kile ulichokwisha kukipita. Na utakapojibiwa, anza na mambo manne: wewe ni nani, uko wapi, nini kimetokea, na mko wangapi.