British Steel: Mlio wa Viwanda Ndani ya Albamu

British Steel ni albamu ya sita ya studio ya Judas Priest, bendi ya hevi metali ya Uingereza. Kampuni ya CBS iliitoa tarehe 14 Aprili 1980. Ina nyimbo 9 zinazodumu dakika 36 hivi, na wapenzi wengi wa muziki huo huihesabu miongoni mwa kazi zilizoupa sura unayojulikana nayo hadi leo.

Bendi hiyo ilianza mwaka 1969 huko Birmingham na viunga vyake, eneo lililoishi kwa chuma na makaa ya mawe tangu mapinduzi ya viwanda. Mwimbaji Rob Halford alikulia Walsall, mji wa viwanda vya kuyeyusha chuma, ambako moshi na kishindo cha mashine vilikuwa sehemu ya maisha ya kila siku. Mpiga gitaa K.K. Downing na mpiga besi Ian Hill walitoka West Bromwich, na mpiga gitaa wa pili, Glenn Tipton, aliwahi kuajiriwa na shirika la umma la chuma, ambalo jina lake ndilo jina la albamu. Mkoa huohuo ndio uliomzaa Tony Iommi wa Black Sabbath, ambaye mwaka 1965 alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani, na baadaye akalazimika kulegeza nyuzi za gitaa lake ili aweze kuzibonyeza. Basi uzito wa muziki huu haukubuniwa mezani.

Jina la albamu lilifika kwa wakati wake. Tarehe 2 Januari 1980 wafanyakazi wa shirika hilo walianza mgomo wa kudai mishahara, mgomo uliodumu wiki 13 hivi. Bendi iliingia kurekodi mgomo ukiwa bado unaendelea, huku ukosefu wa ajira ukipanda nchini. Kijana asiye na kazi, aliyechoshwa na ahadi, ndiye msemaji wa wimbo Breaking the Law.

Kazi ilifanyika Tittenhurst Park karibu na Ascot, jumba lililokuwa la John Lennon kabla ya kununuliwa na Ringo Starr. Mtayarishaji alikuwa Tom Allom, aliyewahi kuwa fundi mitambo katika albamu za mwanzo za Black Sabbath. Badala ya kujifungia studioni, walitumia pia vyumba vya jumba lenyewe, vyenye mwangwi mkubwa. Siku hizo mashine za kuhifadhi na kucheza milio kidijitali zilikuwa bado adimu, kwa hiyo milio ya ziada ilitafutwa nyumbani humohumo. Kishindo cha majitu ya chuma katika Metal Gods kilitokana na trei ya vijiko, visu na uma iliyotikiswa mbele ya maikrofoni. Chupa za maziwa zilivunjwa ili kupata mlio wa vioo katika Breaking the Law, na king'ora cha polisi kinachosikika humo kilipigwa kwa gitaa. Pengine hakuna albamu nyingine ya metali iliyonufaika hivyo na vyombo vya jikoni!

Tofauti na albamu zilizotangulia, ambazo zilijaa mizunguko mirefu na mabadiliko mengi ya mwendo, nyimbo hizi zimepunguzwa mafuta. Breaking the Law haifiki dakika tatu na haina hata nafasi ya gitaa kujitamba peke yake. Dave Holland, mpiga ngoma mpya, alishika mapigo mepesi yasiyoyumba, na magitaa mawili yakapata njia iliyo wazi. Rapid Fire na Steeler ni za kasi. United, iliyotungwa ili umati uiimbe pamoja, ndiyo dhaifu kuliko zote.

Jalada lilisanifiwa na Rosław Szaybo, msanii wa Poland: mkono umeshika wembe mkubwa, makali yakigusa vidole, wala damu haitoki. Nchini Uingereza albamu ilifika nafasi ya 4 katika chati, na Living After Midnight na Breaking the Law zote zikafika nafasi ya 12. Agosti mwaka huohuo bendi ilipanda jukwaani Donington katika tamasha la kwanza la Monsters of Rock.

Toleo la Marekani lilipangwa upya ili lianze na Breaking the Law. Anayeisikiliza kwa mara ya kwanza atafute mpangilio wa Uingereza, unaofunguliwa na Rapid Fire. Huo ndio bora.