Urefu wa kava ya waya wa gia

Kava ya waya wa gia huongoza waya kutoka kwenye usukani hadi kwenye kihamisha mnyororo cha baiskeli. Urefu unaofaa ni ule mfupi kabisa unaoacha mikunjo mipana, huku usukani ukigeuka hadi mwisho bila kuivuta. Wapo wanaodai kwamba kava ikifupishwa zaidi, msuguano hupungua. Huo ni ukweli nusu, kwa sababu msuguano hutegemea zaidi jumla ya pembe za mikunjo kuliko urefu. Kipande cha nyuma cha kava, kinachoingia kwenye kihamisha mnyororo, kikiwa kifupi mno hupinda ghafla, waya hukwama, na mnyororo huchelewa kushukia gia ndogo, maana hapo ni springi ya kihamisha pekee inayourudisha waya. Kikiwa kirefu mno, kitanzi chake huongeza pembe. Basi ni busara kuanza na kirefu: ziada hukatwa, pungufu haiungwi.