Piano: namna vidole vya mikono miwili vinapatana

Wapiga piano wengi wa kanisani wanajifunza kwa kuangalia wenzao. Mkono wa kuume unazoea mbio, ule wa kushoto unabaki na kidole kimoja tu kwenye besi. Mara nyingi si kukosa kipaji, ni kukosa mpango wa vidole.

Namba za vidole

Gumba ni 1, cha shahada 2, cha kati 3, cha pete 4, kidogo 5. Namba hizo ni zilezile kwa mikono yote miwili. Lakini mikono inatazamana: ikipanda pamoja, wa kuume unaanza na 1, wa kushoto na 5. Hapo ndipo kichwa kinachanganyikiwa.

Gamu ya Do

Noti ni 8, vidole ni 5, basi lazima kuvuka.

Kuume: 1-2-3-1-2-3-4-5. Kisha Mi, gumba linapita chini ya kidole cha kati na kushika Fa.

Kushoto: 5-4-3-2-1-3-2-1. Kisha Sol, kidole cha kati kinapita juu ya gumba na kushika La.

Mikono haivuki wakati mmoja, na ndiyo sababu wengi wanakwama. Alama ya kushika ni hii: vidole 3 vya mikono yote vinakutana kwenye Mi na kwenye La, kupanda na kushuka. Vikikutana hapo, mambo iko sawa.

Kwa kuanza

Magumba yote mawili yawekwe kwenye Do moja ya katikati. Wa kuume upande, wa kushoto ushuke. Hapa namba zinalingana kila noti: 1-2-3-1-2-3-4-5. Ni pole pole, bila kuangalia mikono.

Gamu ya Fa

Hapa Si bemoli iko kwenye tushi nyeusi, na gumba ni fupi, halifai pale. Kuume inakuwa 1-2-3-4-1-2-3-4. Kushoto inabaki kama ya Do. Safari hii magumba yanakutana kwenye Do.

Kitufe cha transpoze

Piano nyingi za umeme zina kitufe hicho, na kuna wanaopiga yote kwa Do tu. Lakini piano ya mbao haina. Siku kwaya inaimba kwa Fa mbele ya piano kama hiyo, vidole tu ndivyo vitasaidia.